Kabla Hujafungua Pampu

Gari la zamani halifi ndani ya tope. Ndani ya tope linakwama tu: mnalisukuma, mnakata matawi na kuyatandika chini ya tairi, mnatukanana kidogo, mwishowe linatoka na watu wanashangilia. Kuharibika kwenyewe huja baadaye, penye barabara nzuri, mchana kweupe, abiria wameshaanza kusinzia. Nimeendesha Land Cruiser kati ya Kindu na Kama miaka mingi, na jambo hilo nililizoea kama dereva yeyote wa Maniema anavyolizoea, yaani bila kuliuliza chochote. Ninachotaka kushuhudia hapa ni jinsi nilivyoanza kuliuliza.

Gari lenyewe ni HZJ75, ile ndefu yenye springi za vyuma vilivyopangana mbele na nyuma, tairi 7.50R16, na magurudumu ya mbele unayoyafunga kwa mkono ukitaka yote manne yavute. Toyota walianza kutoa ukoo huo wa 70 mwaka 1984. Injini yetu, 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, ilikuja mwaka 1990. Haina kompyuta ya kuizuia wala kuisaidia. Ndiyo maana inaishi huku kwetu: kila kilichomo ndani yake kinashikika kwa mkono. Na ndiyo maana kila mpita njia mwenye spana anajiona anaweza kukifungua.

Njia pia muijue. Mji wa Kindu sehemu kubwa umekaa upande wa magharibi wa mto Lualaba. Anayekwenda Kama huvuka kwanza kwa kivuko hadi Alunguli, maana daraja hapo hakuna. Baada ya Alunguli ni msitu, udongo mwekundu, madaraja ya magogo, vijito visivyo na daraja lolote, na pikipiki zilizobeba mizigo ambayo mwenye akili timamu asingeipakia hata kwenye gari. Kama iko katika teritori ya Pangi, nchi ya Walega, na watu wanaifuata kwa ajili ya dhahabu. Tunapeleka chumvi, sabuni, nguo, madumu ya mafuta; tunarudi na abiria, mchele na habari. Mvua hutulia kidogo kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Miezi mingine kuna bariyeri za mvua: gogo linalazwa njiani ili malori yasipite mpaka udongo ukauke. Ni desturi nzuri kuliko tunavyoikubali sisi madereva, ambao kazi yetu kubwa pale ni kubembeleza gogo liinuliwe.

Zamani mpaka ulikuwa wazi. Dereva anaendesha, fundi anatengeneza. Gari likikosa nguvu, unalipeleka garaji, unakaa kwenye benchi. Fundi anabadilisha filta. Halijapona? Anabadilisha nozeli. Bado? Anafungua pampu. Kila hatua ina bei yake, na kila kipuri kina safari yake: ama kwa ndege kutoka Goma au Bukavu, ama kwa reli ile ya Kindu ambayo haijawahi kuwa na haraka. Unaweza kungoja wiki nzima kitu ambacho, kikishafungwa, kinakuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa kwingine. Hakuna aliyeona ubaya. Ndivyo gari linavyotengenezwa, tulisema.

Siku iliyonibadilisha ilianza kwa safari ya kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njiani tulipita mahali maji yalipofika milangoni, na mahali pengine gari lililala ubavu kiasi kwamba mafuta yalisikika yakipigapiga ndani ya tenki. Tukafika Kama salama, tukashusha mzigo, tukalala. Kesho yake, kwenye mlima wa kwanza wa kurudi, injini ikaanza kulegea. Hakukuwa na kishindo wala harufu. Nguvu zilipungua taratibu, nikashusha gia, zikapungua tena, kisha kimya. Tukangoja. Nikawasha, ikawaka vizuri kabisa, ikapanda kipande, ikazima tena.

Kwenye mji wa machimbo mafundi hawakosekani. Mara moja tukazungukwa. Mmoja akasema pampu imekufa. Mwingine akasema si pampu, ni nozeli, maji yameingia. Kijana mmoja anayetengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwa haki yake ni fundi hodari wa mashine hizo, alishaleta spana na kuanza kupapasa nati za pampu. Sasa pampu ya 1HZ, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli, ni chombo cha vipimo vya chini ya unywele. Ukiifungua kando ya barabara na chembe ya mchanga ikaingia, umeiua, na hata ukiifunga bila mchanga, inataka kupimwa kwenye benchi lake maalumu. Benchi hilo Kama halipo.

Kati ya abiria wangu alikuwamo mzee mmoja fundi wa Alunguli, ambaye sote tunamwita Papa, basi. Ujanani alikuwa kwenye malori ya madini kule Kalima, enzi za kampuni ya SOMINKI. Siku hiyo alikuwa anatoka matangani kwa shemeji yake. Hakuharakisha kushuka. Alimaliza muhogo wake, akanawa mikono, ndipo akaniita kando.

“Mwanangu, ilipokuwa inakufa, ulitazama kioo cha pembeni?”

“Nilitazama, Papa.”

“Moshi?”

“Hakuna, Papa.”

“Mweusi hakuna, mweupe hakuna?”

“Hata kidogo.”

“Basi mwambie huyo kijana arudishe spana zake, na umwambie vizuri.”

Sikuelewa. Akanieleza huku tukienda mbele ya gari. Dizeli inayokosa nguvu huku ikitoa moshi mweusi inapata mafuta, inakosa hewa: tazama filta ya hewa, tazama kama tope limeziba njia ya kuvutia. Inayotoa moshi mweupe inapata mafuta lakini hayaungui sawasawa. Lakini inayokosa nguvu bila moshi wowote, hiyo ina njaa. Mafuta hayafiki. Na yasipofika, kabla ya kuilaumu pampu, uliza kama pampu yenyewe imeletewa kitu.

Juu ya filta ya mafuta ya gari hili kuna kitufe cha mpira na chuma, pampu ndogo ya mkono ya kutolea hewa. Papa akanishika dole gumba, akaliweka pale. “Bonyeza.” Nikabonyeza. Kikaenda chini. “Achia.” Nikaachia. Kikabaki chini, kimenyonywa, na baada ya muda ndipo kikaanza kupanda kidogo kidogo. Kitufe hicho kwenye gari zima kinaruka juu papo hapo. Nilikuwa nimekibonyeza mara nyingi maishani, kila nilipobadilisha filta, na sikuwahi kufikiri kwamba kinaweza kunijibu.

Hakuridhika na dalili moja. Akaomba bidoni la lita 20 la mazuti safi, tukaliweka juu ya kabini ya gari na kulifunga kwa kamba. Tukachomoa mpira unaotoka kwenye tenki, mahali unapoingilia filta, tukaunga mwingine kutoka kwenye bidoni. Nilidhani imetosha. Yeye akaufuata pia mpira wa pili, ule unaorudisha mafuta yaliyozidi, akauelekeza nao kwenye bidoni. Bila hivyo, alisema, bidoni litakauka upesi huku tenki ikijaa, na utarudi kulaumu kitu kingine. Tukatoa hewa, nikawasha. Gari likapanda mlima ule ule, bidoni likiwa kichwani, watu wakikimbia pembeni, gia ya tatu, bila kulegea.

Hapo ndipo kilipoingia kitu akilini mwangu ambacho hakijatoka. Papa hakuwa ametengeneza chochote. Alikuwa ameligawa gari vipande viwili: kabla ya filta na baada ya filta. Kila kilichokuwa baada ya filta, yaani pampu, nozeli, injini nzima, vitu vyote vya gharama vilivyokuwa vinanyooshewa kidole dakika chache kabla, vilikuwa vizima. Ugonjwa ulibaki katika mpira, bomba na tenki. Na alifanya hivyo kwa kamba, bidoni na vipande vya mpira.

Tukafungua kifuniko cha tenki, tukapuliza bomba kurudi nyuma kwa pampu ya kujazia tairi. Mara ya kwanza haikupita. Mara ya pili pampu ikawa ngumu, kisha ghafla ikalegea, na ndani ya tenki tukasikia mapovu. Tukarudi Kindu kwa mafuta ya tenki, tukisimama kupuliza pale ilipobidi. Nyumbani nikashusha tenki. Ndani yake kulikuwa na matope mepesi ya kutu, nyuzi za kitambaa, na kipande cha sasheti ya plastiki kikubwa kama kiganja. Ukisimama, plastiki inaelea mbali na bomba na gari linawaka. Ukipanda mlima na injini ikavuta kwa nguvu, inarudi na kuziba mdomo. Ilikuwamo humo huenda muda mrefu sana, imetulia chini, tangu siku kadhafi fulani, muuza mafuta wa kando ya barabara, alipotumiminia mafuta kupitia kitambaa kilichochakaa. Tope ndilo lililoiamsha: kutikiswa kote kule kumekoroga tenki.

Sitaki mtu aelewe kwamba toka siku hiyo nikawa fundi. Sikuwa, na hata leo injini sifungui. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kulitazama gari upya, nikilikagua kila linapotoka tope kabla halijalalamika. Papa, nikimtembelea Alunguli na sukari kidogo au mchele, alikuwa akinifundisha jambo kwa jambo, na mimi nikilijaribu barabarani.

Jambo la difu nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloua magari mengi kimya kimya kwenye njia yetu. Umeendesha saa kadhaa, difu imechemka, mafuta na hewa ndani yake vimepanda joto. Unaingia mtoni. Maji baridi yanaipoza kwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kutafuta hewa nyingine ya kuvuta. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kidude kama kofia ndogo ya chuma. Kikiwa kimezibwa na tope, difu inavuta kupitia sili, na kinachovutwa ni maji. Huwezi kulijua hilo kwa kuliendesha gari. Linakwenda vizuri, hata wiki kadhaa, mpaka beringi zianze kulia, na zikishalia umechelewa.

Kupima ni rahisi. Gari lilale mahali tambarare usiku mzima. Asubuhi, kabla halijasogezwa, legeza kwanza kizibo cha juu, cha kujazia, maana ukimwaga na kisha ukashindwa kufungua cha kujazia, umejifunga mwenyewe. Halafu legeza cha chini kidogo tu, mpaka litoke tone. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, yanatoka mbele. Yakitoka maji, au yakitoka mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote, jaza mapya ya namba 90. Yakitoka meusi au ya dhahabu, kaza, ondoka. Sasa nimetoa kofia za vipumulio mbele na nyuma, nikavuta mpira kutoka kila kimoja hadi juu kwenye chumba cha injini, na mwishoni nikaweka filta ndogo ya plastiki ya pikipiki. Kila mwenye pikipiki Kindu anaiuza au anajua anayeiuza.

Gurudumu la mbele lina lugha yake. Nyuma yake kuna tufe la chuma, na nyumba inayolizunguka hugeuka ukikata usukani. Ukichungulia kwa tochi ukaona upande wa ndani wa tairi umelowa kitu chembamba, cheusi, kinachonuka mafuta ya difu, ujue sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Mafuta ya difu yamepita hadi ndani ya tufe, yamechanganyika na grisi, na mchuzi huo unamwagika nje. Grisi ikiwa peke yake huganda pale kwa unene na haishuki. Wengi wanapangusa na kuongeza grisi. Wanalisha shimo.

Na usukani ukitetemeka baada ya mashimo, usikimbilie kununua beringi za gurudumu. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwite mtu akanyage breki, kisha tikisa tena. Breki iliyokanyagwa inalifunga gurudumu na nyumba ya tufe kuwa kitu kimoja. Kama kucheza kumekwisha, ni beringi za gurudumu, na mara nyingi zinataka kukazwa tu. Kama kunaendelea, ni beringi za juu na chini ya tufe. Swali moja, majibu mawili, na hakuna kilichofunguliwa. Niliwahi kuwafanyia hilo madereva wenzangu pale kivukoni, tukingoja zamu ya kuvuka, na mmoja ambaye alishanunua beringi za bei mbaya alinuna kabisa, hakuniamkia siku kadhaa.

Kuna ambayo Papa hakunifundisha, nikayapata mwenyewe kwa njia ile ile. Baada ya safari moja ya Kampene yenye tope zito, breki zilikuwa ngumu. Zilikuwa zinashika, lakini ilinibidi nisimame juu ya pedali. Garaji moja ikasema sevo imekufa, agiza Bukavu. Nikakumbuka kwamba taa ya betri nayo ilikuwa ikiwakawaka njiani, na kila mtu aliichukulia kuwa shauri la fundi umeme. Nikachomoa mpira mnene unaokwenda kwenye sevo, injini ikinguruma, nikaweka dole gumba. Haukunivuta. Kwa hiyo sevo haikuwa imekosa chochote ila hewa kunyonywa. Na kinachonyonya hewa kwenye gari hili ni pampu iliyofungwa mgongoni mwa alteneta, inayozunguka nayo na kulainishwa kwa oili ya injini. Tulipoitoa, oili ilikuwa imepita sili ya pampu na kulowesha kaboni za alteneta, tope likaungana nayo likawa ugoro mweusi. Pedali ngumu na taa ya betri, magonjwa mawili kwa watu wawili, yalikuwa ugonjwa mmoja. Tukabadilisha sili na kaboni.

Tajiri, mwenye gari, hakupenda mabadiliko haya mwanzoni. Kwake gari likisimama halileti pesa, na mimi nilikuwa nimeanza kuomba asubuhi nzima kila tunaporudi.

“Unataka kuliosha au kuliuza?” aliniuliza.

“Nataka kulitazama, Tajiri.”

“Kutazama kunalipwa na nani?”

Sikuwa na jibu la maneno. Tulikubaliana kwamba nitatazama wakati wa kupakia, si zaidi. Basi vijana wanapakia, mimi niko chini na tochi. Nasafisha rejeta kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, maana ukimwagia kwa mbele unalisukuma tope liingie ndani zaidi ya mapezi. Navua madramu ya nyuma. Kila moja lina matundu mawili yenye nyuzi, unaingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, linajisukuma lenyewe bila nyundo. Nasukuma grisi kwenye krosi za propela mpaka ile chafu itoke yote na safi ionekane. Siku hizi yeye mwenyewe hukuta vijana wamemaliza kupakia, akaniona bado niko chini, na hawapigii kelele wala hanipigii. Aliwahi kuinama, akauliza ile rangi ya mafuta ikoje.

Abiria nao wamezoea. Wanajua nikisimama juu ya mlima na kushuka bila gari kuzima, nagusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono kuona kipi kimechemka kuliko vingine. Mama mmoja anayeuza samaki Kama huwa anashuka nami, anagusa vya upande wake, ananitangazia.

Papa sasa macho yamepungua, lakini masikio bado. Nikipita na gari mbele ya nyumba yake, Alunguli, huniambia gia nilizobadilisha vibaya. Wiki iliyopita alisikia kitu nilipokata kona kuingia uani kwake, mlio wa tik-tik upande wa kushoto mbele, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Ni jointi ya ndani ya tufe. Tumelipima gurudumu, beringi ni nzima, sili inavuja kidogo. Sili na jointi nimeviagiza, viko njiani kwa treni. Mpaka vifike nafungua magurudumu ya mbele yasivute, napakia nusu ya mzigo, na nasubiri kwenye bariyeri ya mvua kama malori.